Ukuta wa Mama Natacha

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Madame Iteka amesema kila mwanafunzi wa usanifu wa ndani lazima awe na daftari la kuchora mawazo yake. Mimi kuchora siwezi. Mstari wangu wa kunyooka unakwenda kama njia ya mbuzi. Basi nitaandika.

Niandike ukweli, maana daftari ni langu. Kubwimana, miaka sitini na nane, darasa la sita Buyenzi, Bujumbura. Darasa la saba nililiona kupitia dirishani. Fundi wa makochi maisha yangu yote, miaka thelathini ya mwisho hapa Gikondo, Kigali. Mjane. Meno ninayo mengi kuliko watu wanavyofikiri.

Niko chuoni kwa sababu moja, na sababu hiyo ina jina: Jean-Berchmans. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga springi. Kochi lake la kwanza lilimwangusha padri mbele ya waumini. Leo karakana yake ina kibao kirefu kuliko karakana yenyewe, kimeandikwa kwamba yeye ni architecte wa ndani ya nyumba. Watu wanamwamkia kwa jina hilo. Nilipoliona mara ya kwanza nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara.

Chuo kimenipokea kwa majaribio. Leo nimepewa sharti. Kila mwanafunzi atafute mteja wa kweli, abadilishe chumba kimoja cha kweli, kisha mteja atie sahihi kwenye fomu kwamba ameridhika. Fomu iwe mezani Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe thelathini. Wengine wakikosa sahihi wanarudia. Mimi nikikosa, nje. Nimeuliza kwa nini mimi peke yangu. Madame, ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, amejibu kwa upole kwamba nimelala katika masomo manne, na katika moja wanafunzi walizima projekta wakidhani ndiyo inayonguruma.

Sikujua. Hakuna aliyeniambia.

Somo la leo: nafasi wazi. Kuna watu duniani wameondoa ukuta kati ya jiko na sebule. Wanakaanga vitunguu huku mgeni anatazama. Picha tuliziona. Niliduwaa. Madame akasema ukuta ndicho kitu cha kwanza cha kutiliwa shaka. Hilo nimeliandika na kulipigia mistari miwili. Halafu akaanza kusema, "Lakini kabla ya kuondoa ukuta wowote," na joto la mchana likanichukua. Nilipoamka walikuwa wanafunga mabegi.

Haidhuru. Sehemu muhimu ninayo.

Jumanne, 21 Oktoba

Mteja nimempata. Winifred, geti la tatu kutoka kwangu, sisi tunamwita Mama Natacha. Mjane kama mimi, alikulia Uganda, anafanya kazi ofisini na anaongea kama mtu anayepiga muhuri. Jumamosi hii watu wa mvulana wanakuja kwake kwa gufata irembo, yaani kubisha hodi rasmi kabla ya siku yenyewe ya kuomba msichana. Irembo ni lango. Wakipewa lango, mambo yanaendelea. Wakinyimwa, wanarudi na bia zao. Ndugu zake Winifred wako Mbarara na hawawezi kufika, kwa hiyo msemaji wa upande wa msichana ni mimi. Mdomo wangu unajulikana.

Nikamwambia, Mama Natacha, msemaji wako anasomea mambo ya sebule. Utawapokea wakwe kwenye chumba chenye rangi ya chai iliyopoa? Akasema sawa. "Lakini Mzee, rangi na pazia. Peke yake." Alirudia mara tatu. Mara ya tatu alinyoosha vidole viwili kunionyesha hesabu: rangi, pazia.

Anakwenda Musanze kwa semina mpaka Ijumaa. Natacha yuko kwa shangazi yake Kimironko anasukwa na kushonewa. Funguo za nyumba ninazo mimi.

Jumatano, 22 Oktoba

Asubuhi darasani Sangwa, kijana mwenye suruali fupi kuliko miguu yake, alinionyesha kidude cha kupimia. Unakielekeza ukutani, kinatoa alama nyekundu na kukupa urefu. Akanipa nikitumie. Nikamwambia makochi ya mapadri wanne niliyapima kwa mkono, kuanzia ncha ya kidole mpaka puani, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Akaniuliza, yule aliyeanguka je? Nikamwambia huyo ni wa Jean-Berchmans. Habari hizi zimefikaje chuoni?

Mchana nilikwenda kwa Winifred kuangalia rangi. Nikakaa kwenye kochi la wageni. Mbele yangu: ukuta. Nyuma ya ukuta: jiko. Nikautilia shaka.

Ni nyumba ya zamani, ya matofali ya udongo tunayoyaita rukarakara. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama mtu anayekubali.

Nikamwita Nizeyimana, mwashi, rafiki yangu, mrefu kama mlingoti. Akaniuliza mwenye nyumba anajua? Nikamwambia mwenye nyumba amenipa funguo. Ni kweli, alinipa. Nizeyimana akasema yeye hataki kuitwa kwa mkuu wa mudugudu, mkubwa wa mtaa wetu. Kisha akaegemea ukuta ili afikiri vizuri, nao ukalegea wenyewe. Tulichofanya baada ya hapo ni kuusaidia.

Haikuchukua hata saa moja. Vumbi likatua. Swichi ya taa ikabaki inaning'inia kwenye waya wake kama panya aliyeshikwa mkia. Nizeyimana alipima urefu wa uwazi kwa sababu yeye anafika juu: mikono minne. Nimeandika hapa nisisahau. Mikono minne.

Halafu nikakaa tena kwenye kochi la wageni. Nikapigwa na butwaa. Mwanga. Sikujua nyumba ile ina mwanga. Unaona jiko lote, sufuria zote, mtungi wa gesi, mlango wa nyuma, na ng'ambo ya ua mlango wa choo. Vyote viko kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mstari wangu wa kwanza wa kunyooka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Nimepaka rangi ya maziwa. Imenipaka na mimi.

Nilimwonyesha Madame Iteka picha kwenye simu. Alizivuta kubwa kwa vidole, akazirudisha ndogo, akazivuta tena. Akauliza mteja amesema nini. Nikamwambia hana la kusema. Si uongo, yuko Musanze. Akauliza, na vile vitu vilivyokuwa vimefichwa nyuma ya ukuta, vitakwenda wapi? Nikamwambia havitakwenda popote, ndio uzuri wake.

Alinitazama vile daktari anavyotazama karatasi kabla ya kukuambia ukae.

Ijumaa, 24 Oktoba

Winifred amerudi.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alifungua mlango, akaweka begi chini, akakaa kwenye kochi la wageni, akavua kiatu kimoja. Kimoja tu. Akakishika mkononi. Macho yakapita jikoni, yakatoka mlango wa nyuma, yakavuka ua, yakafika chooni, yakarudi.

"Mzee," akasema, "ukuta yangu iko wapi?"

Nikamweleza nafasi wazi. Nikamweleza picha tulizoziona. Akasema, "Kesho saa tisa wakwe wanakaa hapa. Natacha atakaa wapi?"

Hapo ndipo nilipozinduka. Kwa sababu mtoto wa kike siku hiyo hakai sebuleni. Anajificha ndani mpaka aitwe. Na msemaji wa upande wake, yaani mimi, kazi yake ni kuapa kwamba msichana wa jina hilo hatumjui, au amesafiri mbali, mpaka wale wageni wabembeleze. Nimefanya kazi hiyo kwenye nyumba kumi na mbili. Nyumba zote kumi na mbili zilikuwa na ukuta. Chumba cha kulala nacho kiko upande wa jiko, hakina mlango, na aliyemo anaonekana kupitia uwazi wangu. Sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili kichwani. Kichwa changu kina ukuta wake.

Nikasema nitajenga tena leo leo. Nizeyimana akasema udongo haukauki kwa mvua hii, utawaangukia wakwe. Nikasema basi pazia. Pazia lilikuwa kwenye makubaliano, si ndiyo? Rangi na pazia. Winifred akavaa kiatu chake. Akasema fomu yangu ya chuo ameiona mezani, na kama kesho aibu itaingia nyumbani kwake, sahihi hiyo nitaiomba kwa watu wengine.

Nilikuwa na kitambaa. Mahameli mekundu, mazito, yaliyobaki kwenye kochi la marehemu mke wangu. Nimeyatunza miaka kumi na moja. Nikayatoa. Nikafungua daftari: mikono minne. Nikapima mikono minne, kidole mpaka pua, nikakata, nikakaa kwenye cherehani mpaka kiuno kikakataa. Nitalitundika kesho.

Kimebaki kifusi. Nimekilundika kando ya barabara kwa toroli, mizunguko kumi na saba. Kesho ni umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mtaa mzima utakuja na majembe kusafisha. Watakuta kazi inawasubiri. Wakati mwingine najishangaa kwa akili hii.

Jumamosi, 25 Oktoba

Asubuhi. Umuganda.

Mkuu wa mudugudu, mama mwenye firimbi, alisimama mbele ya kifusi akauliza ni cha nani. Mimi nilikuwa wa kwanza kutikisa kichwa. Nikasema vijana wa siku hizi hawana adabu, mtu anaweza kutupa nyumba nzima barabarani. Watu wakakubali. Nilikuwa nimeanza hata kutoa hotuba.

Jean-Berchmans akainama, akaokota kipande chenye kigae cha bluu chenye ua. Akakigeuza. Akasema, "Hii si ya jikoni kwa Mama Natacha? Mimi ndiye nilimbandikia." Halafu akanitazama nywele. Zilikuwa na rangi ya maziwa.

Nilikirudisha chote kwenye ua wa Winifred, peke yangu, toroli kwa toroli, mtaa mzima ukiwa umeegemea majembe. Jean-Berchmans hakucheka. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Aliniuliza tu kwa heshima, "Muzehe, leo mchana uko na kazi?" Nikamwambia nina kazi ya heshima ambayo yeye haimhusu. Akasema sawa.

Pazia nililitundika saa nane, mbiombio. Sikulitazama chini. Nani anatazama pazia chini?

Mchana.

Saa tisa kamili hodi ikapigwa. Wakaingia watu wanane. Ntare, yule mvulana, ana masikio makubwa lakini anaonekana ana adabu. Bibi yake Mukandekezi, mwenye fimbo, uso wake haujawahi kusikia kichekesho. Na mbele yao, koti jeusi, tai, msemaji wa upande wa mvulana: Jean-Berchmans. Mjomba wa Ntare. Mjomba, tena wa damu.

Winifred alinikanyaga mguu ndipo nikawakaribisha.

Tukakaa, wao huku na sisi huku, Winifred, mimi na wazee watatu wa mtaa, pazia jekundu nyuma yangu. Natacha nyuma ya pazia. Jean-Berchmans akasimama, akaongea vizuri, namchukia lakini aliongea vizuri. Akasema wamesikia harufu ya ua kwenye boma hili, ua hilo linaitwa Natacha, wanaomba waonyeshwe lango.

Nikasimama. Hapa ndipo nilipozaliwa kusimama. Nikamwambia, mgeni wetu, pole na safari, lakini mmepotea geti. Natacha? Jina hilo hapa hatulijui. Kulikuwa na msichana fulani, ndiyo, lakini alikwenda Ulaya kusoma, na ndege za kurudi zimejaa mpaka Pasaka.

Watu wetu wakapiga makofi. Jean-Berchmans akakuna kidevu. Akasema, "Asante sana, fundi wangu. Naomba kuuliza swali dogo. Huko Ulaya, watu wanapaka kucha nyekundu na kuweka karatasi ya chooni katikati ya vidole?"

Macho yote yakashuka. Nikageuka.

Pazia langu lilikuwa limeishia kwenye magoti. Chini ya mahameli, miguu miwili, vidole kumi, rangi mbichi, karatasi nyeupe kati ya kila kidole. Vidole viliposikia vinatajwa vikajikunja. Kisha sufuria ikaanguka.

Mikono minne ilikuwa ya Nizeyimana. Mimi nilikata kwa mkono wangu. Niliona hesabu yote wakati uleule, wazi kabisa, kama mtu anavyoona gari likimjia.

Nikafanya la desturi mtu akibanwa: nikaomba upande wetu utoke kidogo tukajiulize. Tukatoka. Wapi? Nyuma ya pazia, hakuna pengine. Wazee wanne, viatu vinane, na miguu ya Natacha katikati. Tukaanza kunong'ona tufanye nini. Jean-Berchmans akasema kutoka sebuleni, "Ongezeni sauti kidogo, wa nyuma hawasikii."

Upande wao ukacheka. Wetu haukucheka. Nilimwona Winifred pembeni ya pazia, ameshika mkono wa kochi, na uso wake si wa ofisini tena. Ulikuwa wa mama ambaye mtoto wake anachekwa. Sahihi nikaisahau. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: kwa dakika nzima nilisahau chuo, kibao, kila kitu.

Fimbo ikagonga sakafu. Bibi Mukandekezi amesimama. Kicheko kikakatika. Akaja polepole mpaka kwenye pazia. Akalishika kati ya vidole viwili, akalisugua. Akauliza kitambaa hiki nani alikishona. Nikasema ni mimi, bibi, kosa ni langu, mtoto hana kosa. Akasema hakuuliza kosa, ameuliza mshono.

Halafu akawageukia watu wake. Akasema siku walipokuja kwa baba yake kumuulizia yeye, alijificha nyuma ya kiwambo cha matete, na ndama akakivuta. Wakamwona mzima, mdomo umejaa kiazi kitamu, shavu moja limevimba. "Wakasema bado tunamtaka. Sasa nyinyi mnacheka miguu? Ni miguu mizuri. Natacha, toka huko mwanangu, vidole vitakufa kwa baridi."

Natacha akatoka, anatembea kwa visigino kulinda rangi. Ntare masikio yake yakawa mekundu kuliko pazia. Lango wakapewa. Bia zikafunguliwa. Winifred alicheka mpaka akafuta machozi na kona ya mahameli yangu. Kisha akaniona na akaacha.

Jumapili, 26 Oktoba

Nilikwenda na fomu baada ya misa, nikidhani moyo umelainika. Umelainika kwa watu wote isipokuwa mimi. Atatia sahihi siku ukuta utakaporudi. Uleule, palepale. Nikasema naweza kuacha kidirisha kidogo cha kupitishia sahani, kwa mfano. Akasema, "Hakuna wazo, Mzee. Sitaki wazo."

Jumatano, 29 Oktoba

Siku tatu za udongo. Matofali mazima yalikuwa theluthi moja tu, mengine tumefyatua na kuyaanika chini ya bati la jirani kwa kuiba jua. Jumatatu Jean-Berchmans alisimama mlangoni na pima maji yake mkononi. Nikajiandaa kutukanwa. Aliiweka juu ya ukuta, akatazama kile kiputo, akasukuma tofali moja kwa kidole, akaiacha pima maji pale, akaondoka. Alipofika getini akasema, "Ulikuwa unanipiga kichwani kwa kosa kama hilo, fundi wangu." Sijui nilijibu nini. Nadhani nilisema asante. Imenishtua mpaka leo.

Leo jioni Winifred ameugusa ukuta kwa kiganja, amekaa kwenye kochi la wageni, hakuona choo. Akatia sahihi. Kwenye nafasi ya maoni akaandika kwa mwandiko wa ofisi: "Chumba kiko kama kilivyokuwa. Nimeridhika sana."

Pazia amebaki nalo. Amesema atalikata liwe la dirisha. Nimekubali.

Alhamisi, 30 Oktoba

Fomu imefika mezani. Madame Iteka aliisoma mara mbili. Akaonyesha darasa zima picha ya kwanza na ya mwisho, akauliza nani anaona tofauti. Wakatazama muda mrefu. Sangwa akasema rangi. Mwingine akasema kwenye ya mwisho Muzehe amekonda.

Nilikuwa nimeshaanza kukunja daftari langu. Madame akasema fomu kumi zimefika, wateja wote wameridhika, lakini ni mmoja tu aliyeandika "sana". Akanipa mwezi mwingine wa majaribio. Watu wakanipigia makofi, hata mwenye suruali fupi.

Kisha akasema, kwa faida ya baadhi yetu, atarudia somo la Jumatatu ile, ile sehemu ya pili, na akaniomba mimi hasa niandike. Nikashika kalamu. "Kabla ya kuondoa ukuta wowote," akasema, na simu yangu ikalia. Nikatoka nje kuipokea, ni adabu.

Alikuwa Bibi Mukandekezi. Amesema mshono ule haujamtoka kichwani. Anataka nimbadilishie mito ya makochi kabla wakwe hawajaenda kumtembelea. Mito tu.

Nimekwenda mchana huu huu. Nyumba ya zamani, upande wa Biryogo, safi. Dirisha lake, maana mito huita pazia, ni mikono mitatu, alinipimia mjukuu wake aliyekuwepo, ana kifua kipana. Nimeandika. Mikono mitatu. Bibi akaenda kuniletea maziwa. Nikakaa kwenye kochi la wageni. Mbele yangu kuna ukuta, sijui nyuma yake kuna nini. Nikanyoosha mkono, nikaugonga kidogo kwa kifundo cha kidole.

Rukarakara.